Uzi wa tuliopata kiharusi na wanaotuuguza: mnaishije baada ya kuruhusiwa hospitali?

Ticha wa Kihonda

Wakuu salaam.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Morogoro, umri unaikaribia hamsini. Mwaka juzi kiharusi kilinichukua upande wote wa kulia na ulimi ukawa mzito. Leo natembea kwa fimbo, naongea na naeleweka kwa mtu mwenye subira, na hapa naandika kwa kidole cha mkono wa kushoto, hivyo nikichelewa kujibu msidhani nimesusa.

Nyuzi za kiharusi humu zipo tele, ila karibu zote ni za dalili: uso kushuka upande, mkono kukosa nguvu, maneno kutoeleweka, kimbiza mtu hospitali. Zibaki, zinaokoa watu. Mimi natafuta wenzangu ambao tayari yamewakuta. Siku ya kuruhusiwa nilipewa dawa za presha, tarehe ya kliniki na neno "mazoezi". Nitaingiaje chooni, nitavaaje suruali, mke wangu ataniinuaje bila kuumia mgongo, mbona nalia bila sababu, hayo hakuna aliyeyagusa. Wiki za mwanzo nyumba ilifurika wageni, soda na machungwa kila kona. Kisha kila mtu akarudi kwenye shughuli zake, na sina lawama, watu wana maisha yao. Ila anayekuja kunipa pole tunaishiwa maneno upesi. Jamaa niliyekaa naye benchi la kliniki, naye mkono umelala, tuliongea mpaka jina lake likaitwa hakusikia.

Naanza na la mkono. Kwetu mkono wa kushoto una kazi yake na kila mtu anaijua. Miaka yote nimewafokea wanafunzi wanaopokea daftari kwa kushoto. Sasa niko msibani, mzee ananyoosha wake, wangu wa kulia umelala mapajani, nampa wa kushoto. Anasita. Mwingine anaupokea kwa ncha za vidole. Kwenye sinia la pilau ni kasheshe zaidi: nikiingiza kushoto, wenzangu wote wanashiba ghafla. Nimejaribu kumega kwa kulia huku kushoto kunasaidia, wali ukaishia kwenye kanzu ya jirani. Siku hizi naomba sahani yangu na kijiko tangu mwanzo, na kwenye salamu naweka kiganja cha kushoto kifuani na kuinamisha kichwa kidogo. Watu wanaitikia vizuri tu. Kuna shehe mtaani kwetu aliyesema mbele za watu kwamba mwenye udhuru hana lawama akila kwa kushoto, na tangu hapo kwenye shughuli za pale hakuna anayenikodolea macho.

La pili ni benki. Saini yangu ilikuwa ya mkono wa kulia, hii ya kushoto haifanani na iliyo kwenye kumbukumbu zao. Nilizungushwa mpaka mama mmoja wa dirishani akanielekeza: barua ya kubadilisha saini, barua ya daktari, kitambulisho cha NIDA, na dole gumba. Wenye wagonjwa shughulikieni hili kabla hamjakwama na hela ya dawa.

Sasa nauliza. Kwenye vyoo vyetu vya kuchuchumaa mnafanyaje? Mkono uliokaza mnaulegezaje? Na hii ya kulia hovyo, nanyi mnayo?

Binti Pangani

Pole mwalimu. Mimi siumwi, namuuguza mume wangu. Ni fundi umeme, hodari wa maneno, mtaa mzima ulikuwa unamjua kwa utani wake. Kiharusi hakikumgusa sana mguu, kimechukua maneno. Anaelewa, unamwona machoni kwamba anaelewa, lakini akifungua mdomo linatoka neno lilelile, "hapo hapo". Njaa, hapo hapo. Chai ina sukari nyingi, hapo hapo. Ila akikasirika matusi yanatoka safi, hayakwami hata kidogo, mpaka mama mkwe akaanza kudhani mwanawe anaigiza.

Daktari akatueleza inaitwa afasia. Sehemu ya ubongo inayopanga maneno ndiyo iliyoumia, akili iko palepale. Vitu ambavyo mtu amevizoea tangu utotoni mara nyingi vinasalimika: kuhesabu moja mbili tatu, dua, nyimbo, na hayo matusi. Siku moja nikasoma Alhamdu kwa sauti pembeni yake, akaipokea na kuimaliza yote bila kosa. Nikalia kwa furaha. Nikamuuliza basi nikuletee chai? Hapo hapo.

Wataalamu wa matamshi hapa nchini ni wachache mno, kwa hiyo mengi tumejifunza wenyewe. Runinga inazimwa kwanza. Anaongea mtu mmoja tu kwa wakati. Simuulizi "unataka nini", namuuliza "unataka uji?" naye ananyanyua dole gumba au analishusha, na naliamini dole kuliko mdomo maana anaweza kusema ndiyo akimaanisha siyo. Kwenye simu nimempigia picha za vitu vyake: shati, maji, choo, watoto kila mmoja na picha yake, fundi mwenzake, msikiti. Anatafuta kwa kidole ananionyesha. Na simmalizii neno. Hilo ndilo gumu, maana unaliona neno limefika mlangoni halitoki, na wewe una ubwabwa jikoni unaungua.

Kinachoniumiza ni wageni. Wanamwongelesha kwa kupiga kelele, si kiziwi jamani. Au wanaketi mbele yake wananiuliza mimi, "anakula? analala?" Muulizeni mwenyewe, yuko hapo anawatazama.

Mpigadebe Mstaafu

Nimevuta kigoda. Poleni sana wapendwa, nafuatilia somo hili kwa ajili ya shemeji yangu aliyepata kiharusi, naona litatufaa.

Mzee wa Mizizi

Tusidanganyane wakuu. Mtu mzima, analala mzima, anaamka upande umekufa, halafu mnasema presha? Hicho ni kitu cha kutupiwa. Vipimo vya hospitali havioni mambo hayo. Nina mtu Bagamoyo, anachanja na kuchua kwa siku saba, watu wanaacha fimbo palepale. Mwalimu njoo inbox.

Fizio wa Zamu

Mzee wa Mizizi, kwa heshima zote, CT skani, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya kichwa, inaona. Inaonyesha ubongo umekosa damu kwa sababu mshipa umeziba, au damu imemwagika kwa sababu mshipa umepasuka. Na ni lazima kujua ni kipi, maana aspirini inayomfaa wa kwanza inaweza kumdhuru wa pili. Duniani vya kuziba ndivyo vingi zaidi, lakini kwetu Afrika vya kupasuka ni vingi kuliko Ulaya, na presha isiyotibiwa ina mkono mkubwa hapo. Inaonekana ya ghafla kwa sababu presha haiumi. Mtu anaishi nayo miaka kumi anacheza bao.

Tena si jambo la watu wachache wenye maadui. Kati ya 2003 na 2006 ulifanyika utafiti wilaya ya Hai na jijini Dar, wakahesabu waliopata kiharusi kwa mara ya kwanza. Baada ya kusawazisha umri, Hai walikuwa kama 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, Dar kama 316. Kama ni kutupiana, Dar tunatupiana sana.

Kuombewa na kusomewa dua sina ugomvi nako, wagonjwa wangu wengi kunawapa nguvu. Ugomvi wangu ni wembe kwenye mguu usio na hisia, maji ya moto ambayo mgonjwa hayasikii mpaka ngozi imebabuka, na lile agizo la "acha dawa za hospitali kwanza". Hawa ndio wanaorudi na kiharusi cha pili.

Mwalimu, nije kwenye mkono wako. Kwanza mwambie kila mtu nyumbani: asikuinue kwa kuvuta mkono dhaifu. Misuli inayoshika bega imelegea, mfupa unashuka kwenye kiungo, na maumivu yake yanaweza kukutesa kuliko ugonjwa wenyewe. Atakayekuinua asimame mbele yako, miguu yake ikumbatie mguu wako dhaifu, akushike kiunoni kwenye mkanda au kitenge ulichofungwa, wewe uiname mbele, mhesabu pamoja, ndipo unyanyuke. Hapo na mgongo wa shemeji utapona. Ukiketi, weka mto chini ya mkono, usiuache unaning'inia.

Pili, kukaza. Wengi wanapewa kimpira wakaminye kutwa nzima. Ukiutazama mkono wako, kukunja haujashindwa, umeshindwa kufungua. Kwa hiyo kazi yako ni kufungua: kiganja juu ya meza, vidole vinyooshwe polepole kimoja kimoja kwa mkono mzima, uegemee juu yake taratibu. Polepole, maana ukivuta kwa nguvu unakaza zaidi. Ukikaza mpaka kucha zinachoma kiganja, zipo dawa za kulegeza misuli, hata za sindano, muulize daktari. Halafu upe kazi halisi hata kama haijui: ushike daftari lisiteleze wakati kushoto kunaandika, ubonyeze swichi, ufute meza. Ubongo unajipanga upya kwa kurudiarudia kitu chenye maana. Maendeleo ya haraka ni miezi mitatu hadi sita ya mwanzo, lakini yeyote atakayekwambia baada ya hapo mlango umefungwa usimsikilize. Nina mama aliyeanza kufunga vifungo vya blauzi mwaka wa tatu.

Kama kifundo cha mguu kinaburuta, kuna kifaa cha plastiki kinachovaliwa ndani ya kiatu kinanyanyua unyayo. Vinatengenezwa hospitali kubwa zenye karakana ya viungo bandia. Pale KCMC Moshi kuna chuo kizima cha mafundi hao, TATCOT.

Mzee wa Mizizi

Haya. Mimi nimesema ninachojua.

Mwana wa Kisauni

Assalaam aleikum. Mie niko Mombasa, mnikaribishe. Nilikuwa na miaka 29, nimejifungua, kichwa kikaniuma ile ya kutamani kukigonga ukutani. Wakasema ni uchovu wa mzazi. Kumbe presha ya mimba ilikuwa haijanishuka, na kifafa cha mimba hakingoji uwe bado na mimba, chaweza kukufuata hata baada ya kuzaa. Upande wa kushoto ukenda.

Watu wakisikia kiharusi watafuta kizee. Nikipanda matatu na mguu wangu wanidhani nimelewa au najidai. Kliniki wenzangu ni babu zangu, wanipenda, lakini hakuna hata mmoja wa kumuuliza: mtoto utamnyonyesha vipi na mkono mmoja? Nilijipangia mwenyewe. Nalala ubavu wa kushoto, mto nyuma ya mgongo, mtoto yuko kitandani, sio mkononi. Kumbeba, mamangu anifunga leso naye mgongoni nikiwa nimeketi, na siinuki mpaka kuna mtu karibu.

Jikoni. Viazi: seremala alinipigilia misumari miwili kwenye kibao, ncha juu, kiazi chakaa pale nakimenya. Kitambaa kibichi chini ya bakuli, haliendi popote. Nazi nanunua iliyokunwa tayari, ile mbuzi yataka mikono miwili nayo haina huruma. Ugali ndio umenishinda, sufuria yazunguka na mwiko. Mwenye mbinu anipe.

Na kuna uchovu ambao sikuambiwa. Si usingizi. Nikipokea wageni wawili na redio iko wazi, kichwa chazima, nalala mchana masaa mawili kama mtu aliyelima. Mawifi waliona uvivu mpaka daktari alipowaeleza kwamba ni sehemu ya ugonjwa. Sasa nafanya la maana asubuhi, jioni simwahidi mtu kitu.

Ticha wa Kihonda

Mwana wa Kisauni karibu sana, na hiyo ya kibao cha misumari nimempelekea mke wangu.

Fizio ubarikiwe. Mpira nimewapa watoto.

Choo bado hamjanijibu, basi nieleze tulichofanya ili mnikosoe. Kiti cha plastiki cha kawaida, fundi akakikata tundu katikati, kinawekwa juu ya shimo. Kina kasoro: miguu ya plastiki inateleza kwenye sakafu yenye maji, na kikikatwa kinapungua nguvu. Kilipotaka kupasuka nikiwa juu yake tukatengeneza cha chuma cha nondo nyembamba, miguu imevalishwa raba za kukata kwenye tairi. Ukutani bomba limechimbiwa upande wa kushoto, kwenye mkono wangu mzima. Muda wote mwanzoni fundi alikuwa anataka kuliweka kulia kwa sababu "watu hushika kulia". Ndoo ya maji iko juu ya tofali ili nisiiname, kata ina mpini mrefu. Mlango unafunguka kwa nje, nikianguka ndani watu waweze kuingia.

Binti Pangani

Hilo la mlango sikuwahi kuliwaza. Wa kwetu unafunguka kwa ndani. Leo leo fundi anaitwa.

Jina Nimeficha

Nimefungua akaunti mpya kwa ajili ya kuuliza hili, admin usinifute.

Miaka 52, nilipata mwaka jana, mguu na mkono vimerudi kwa kiasi kikubwa. Mambo mawili. Kwanza, kulia. Mwalimu hauko peke yako. Nikiona harusi kwenye runinga, nalia. Timu yangu ikifungwa nalia, ikishinda nalia. Msibani nilicheka, na aliyekufa ni baba mdogo. Ukoo mpaka leo haujanisamehe.

La pili ni la chumbani. Tangu niugue hakuna kitu. Mwili hautaki, na ukitaka naogopa presha ipande nife juu ya mke wa watu, yaani mke wangu. Yeye hasemi. Mimi sisemi. Tunalala kila mtu anatazama ukuta wake. Naulizaje daktari ambaye ni binti wa umri wa mwanangu?

Fizio wa Zamu

Kaka, umefanya vizuri kuuliza, na nakuhakikishia kila mwanaume kwenye foleni ya kliniki ana swali hilohilo mfukoni.

Kulia na kucheka bila mpangilio ni breki za hisia zilizoumia. Hakufanani na unachokisikia moyoni, ndiyo maana ulicheka msibani. Kuna dawa zinazosaidia. Ukoo uambiwe, hata kwa barua ya daktari ikibidi. Ila kuna kingine kinachofanana nacho na ni tofauti: mtu haoni ladha ya kitu chochote, halali, hataki kuonana na watu, anasema bora ningekufa. Hiyo ni sonona, na inampata karibu mtu 1 kati ya 3 waliopata kiharusi. Inatibika. Mtu mwenye sonona hafanyi mazoezi, na ndugu wanasema mkaidi.

La chumbani: presha ikiwa imetulia na daktari ameridhika na hali yako, tendo lenyewe kwa watu wengi si hatari. Kinacholeta shida mara nyingi ni mchanganyiko: woga, sonona, uchovu, kisukari kama kipo, na baadhi ya dawa za presha. Dawa za presha usiziache wala usipunguze mwenyewe, mwambie daktari akubadilishie. Na zile "nguvu za kiume" za mtaani kaa nazo mbali, hujui zimechanganywa na nini. Kama unaona haya kusema, andika kwenye karatasi: "Tangu nianze dawa hizi nimepungukiwa nguvu za ndoa", mpe pamoja na kadi. Daktari binti amesomea hilo na amelisikia sana. Tena nenda na mkeo.

Mama Nyamagana

Naomba na mimi niingie japo mgonjwa wangu si mtu mzima. Ni mwanangu, darasa la kwanza, ana seli mundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Aliamka mdomo umeenda upande na mkono wa kulia haunyanyuki. Jirani akasema watoto hawapati kiharusi, ni degedege. Wanapata. Walitueleza kwamba bila kinga, kama mtoto 1 kati ya 10 wenye seli mundu kali hupata kiharusi kabla hajafikisha miaka 20, kwa sababu chembe zile za damu zinaharibu na kuziba mishipa ya kichwani.

Sasa anaongezewa damu kwa mpangilio na anatumia dawa ya hydroxyurea. Kuna kipimo cha mawimbi ya sauti kinachopita pembeni ya kichwa kuona kama damu inakimbia kupita kiasi kwenye mishipa, mtoto haumii hata kidogo. Mzazi mwenye mtoto wa seli mundu, uliza kipimo hicho kabla ya tatizo, mimi nilikijua baada.

Shule wanataka aandike kwa mkono wa kulia. Mwalimu, hapo nisaidie, nawaambiaje?

Ticha wa Kihonda

Mama, nenda na barua ya daktari kwa mwalimu mkuu, sio kwa mwalimu wa darasa tu. Omba vitu vitatu kwa maandishi: aandike kwa kushoto, aongezewe muda kwenye mitihani, na akae mbele upande ambao daftari linaweza kulala vizuri. Akifika madarasa ya mitihani ya taifa shule iombe mapema kwenye Baraza la Mitihani atambulike kama mtahiniwa mwenye mahitaji maalumu. Wasiposikia, nenda kwa ofisa elimu maalumu wa halmashauri. Na uangalie pia usomaji wake na hesabu. Mtoto aliyepata kiharusi anaweza kutembea vizuri kabisa, akasahau alichofundishwa jana, akachapwa kwa utundu.

Kitinda Mimba

Mimi nina hasira na nitaziandika.

Namuuguza mama. Tuko watoto watano. Mimi wa mwisho, sijaolewa, kwa hiyo ikaamuliwa kwenye kikao (ambacho sikuwepo) kwamba mimi ndiye mwenye nafasi. Nimeacha kibanda changu cha mihamala. Namgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgongoni, usiku naweka kengele ya simu. Namlisha amekaa wima kabisa, kijiko kidogo, uji mzito maana maji matupu yanampalia, na baada ya kula anakaa wima angalau nusu saa kabla sijamlaza. Nikisikia sauti yake ina majimaji baada ya kumeza nasimamisha. Hayo yote nayajua. Hana kidonda hata kimoja.

Kaka yangu yuko Ulaya. Anatuma hela, asante. Ila anatuma na video: "jaribu hii", "mpe hii juisi", "mbona mazoezi hayaonekani?". Dada anakuja Jumapili na watoto, wanapiga picha na bibi, wanaondoka. Halafu wanasema "Mungu atakulipa". Nataka mtu aje Jumatano nikalale.

Binti Pangani

Mdogo wangu, nimesoma nikasimama. Nakuelewa mpaka kwenye kengele ya simu.

Nilichofanya mimi ni kuacha kusema "nimechoka". Wakisikia nimechoka wanasema pole. Niliandika ratiba nikaituma kwenye kundi la familia: Jumanne usiku fulani, Alhamisi mchana fulani, asiyeweza alipe mtu wa kukaa, na gharama nikaiweka. Wawili walinuna. Mmoja anakuja kweli, mwingine analipa. Kaka yako wa Ulaya mpe kazi ya kulipia siku ya msaidizi, hela yenye jina la kazi haibebi ushauri mwingi.

Mwana wa Kisauni

Nami nasema kama mgonjwa: mamako ajua umechoka. Sisi twaona yote. Ukenda kulala Jumatano hatakuona mbaya.

Kitinda Mimba

Asanteni. Nimekopi wazo la ratiba. Nitaleta mrejesho wakishaninunia.

Mpigadebe Mstaafu

Naomba niongeze la barabarani, maana nilikuwa konda na sasa shemeji kanifungua macho. Mgonjwa wa kiharusi asipande daladala saa za msongamano. Saa nne asubuhi gari zina nafasi. Simama pale dereva anakuona, mwambie konda kabla hujapanda, "mguu mzito, nisubiri nikae", siyo wakati gari limeshaanza kuondoka. Kupanda tanguliza mguu mzima, kushuka tanguliza mbovu. Bodaboda epuka kama unaweza. Kama huwezi, angalia mguu usio na hisia umekaa upande gani wa eksozi. Shemeji alifika nyumbani amebabuka kifundoni na hakujua mpaka mtoto alipoona.

Fizio wa Zamu

Huyo konda anajua kazi kuliko wanafunzi wangu. Kwenye ngazi ni hivyohivyo, mguu mzima utangulie kupanda, mbovu utangulie kushuka.

Jina Nimeficha

Mrejesho. Niliandika karatasi kama nilivyoelekezwa. Yule binti daktari aliisoma, hakucheka, akanibadilishia dawa moja na kuniuliza maswali ambayo nilidhani hayaulizwi. Mke wangu alikuwepo. Njiani kurudi tuliongea mpaka tukapitiliza kituo.

Ticha wa Kihonda

Hii ndiyo nilikuwa naitafuta. Sasa nina pendekezo. Humu tunasaidiana, lakini wengine hatuwezi kuandika, mume wa Binti Pangani kwa mfano. Walio Morogoro tukutane ana kwa ana mara moja kwa mwezi, na wa mikoa mingine muanzishe kwenu. Tarehe 29 Oktoba ni siku ya kiharusi duniani lakini sioni haja ya kungoja maadhimisho na fulana. Mashine ya presha ninayo, kila anayekuja atapimwa na kuandika kwenye daftari lake. Hakuna mchango, hakuna mgeni rasmi. Anayeuza dawa za lishe asije.

Masharti ya mahali: pasiwe na ngazi, choo kiwe cha kukaa, daladala ifike karibu. Nimepata ukumbi wa kanisa jirani, paroko amekubali. Waislamu wenzangu msiogope, nimeshauliza na sehemu ya kuswali ipo.

Mpigadebe Mstaafu

Siku gani mkuu? Shemeji nimlete.

Ticha wa Kihonda

Jumamosi ya kwanza ya mwezi.

Jina Nimeficha

Niko Mikese, si mbali. Jumamosi asubuhi barabara inajaa watu wa soko. Mnaonaje saa nane mchana?

Mwana wa Kisauni

Saa nane wenye uchovu kama wangu twalala. Saa nne.

Ticha wa Kihonda

Saa nne basi. Mwenye kiti chenye mikono aje nacho, vya ukumbini ni mabenchi. Na Binti Pangani, ukipita Morogoro na mzee, mlete.

Binti Pangani

Nimemsomea uzi wote. Nimemuuliza twende? Dole limepanda.